Mshono Uliofumuka kwa Ndani

Fundi cherehani hakukaa alipokaribishwa kiti. Aliufungua mfuko wa nailoni aliokuja nao, akatoa mkoba wa turubai la kijani, akauweka juu ya meza ya Inspekta, na kabla hajaulizwa lolote akaugeuza ndani ukawa nje.

"Tazama hapa," alisema. "Halafu uniambie kama hii ni ajali."

Inspekta alitazama. Ulikuwa mkoba wa mbele, ule ambao wapanda baiskeli wa safari ndefu huufunga kwenye usukani ili vitu vya kuchukua mara kwa mara viwe karibu na mkono. Ukubwa wake haukuzidi tofali moja na nusu. Juu ulikuwa na dirisha la plastiki la kuwekea ramani, nyuma mikanda miwili ya ngozi, ndani bitana ya njano. Kona ya chini, upande wa kulia, ilikuwa imefumuka kiasi cha kupitisha ngumi.

"Marehemu alianguka mteremkoni," Inspekta alisema. "Mkoba ulikuwa mbele. Ulipigwa na lami."

"Ungepigwa na lami, turubai lingechunika kwa nje. Pitisha kidole. Si pazima?"

Inspekta alipitisha kidole. Palikuwa pazima.

"Mkoba huu nimeushona mimi, mishono mitatu, uzi wa kushonea viatu. Nilimwambia kaka hata akipakia mawe hautafumuka. Akanicheka, akasema mkoba wa mbele si punda." Alinyoosha kidole kwenye mpasuko. "Nyuzi zote zimelalia nje, afande. Kilichoutoboa kilikuwa ndani, na kilikuwa kizito."

Inspekta alivuta jalada lililokuwa limefungwa siku sita nyuma. Orodha ya vitu vilivyokutwa mkobani ilikuwa fupi: koti jembamba la mvua, nusu mkate, daftari na penseli, mafuta ya ngozi, kitambaa cha jasho. Hakuna hata kimoja ambacho kingetoboa karatasi.

"Unamshuku nani?"

"Lori la kokoto. Wasimamizi wa safari waliokuwa wanagonga mihuri kule kileleni walisema lilipita. Limemgonga kaka yangu, dereva akashuka akamwibia, akaondoka. Na nyinyi mkaandika ajali."

Pale kituoni Inspekta alipachikwa jina la Bi Hebu Tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsimulia jambo mara moja likamtosha. Alisogeza kiti, safari hii fundi akakaa.

"Hebu tena," alisema Inspekta. "Anzia mwanzo."

Mwanzo wenyewe haukuwa mrefu. Marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu, kapera wa miaka arobaini na mbili, na baiskeli ndiyo iliyokuwa starehe yake. Kila mwaka chama chao kilifanya safari ya kilomita mia nne kwa siku mbili. Kila mmoja alipewa kadi, na kadi iligongwa mihuri njiani. Mwenye mihuri yote alipata nishani. Sharti kubwa lilikuwa moja: kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mwaka huu Mwalimu aliongozana na shemeji yake, yaani mume wa fundi, karani wa idara ya maji, ambaye alikuwa ameshindwa mara mbili na sasa alikuwa ameapa kwa kila mtu kazini kwamba ya tatu hashindwi.

"Mume wako ndiye aliyemkuta?"

"Ndiye. Tangu siku ile halali. Kwenye mazishi alishika jeneza mbele kabisa, mpaka bega likachubuka." Akaanza kukunja ule mfuko wa nailoni mtupu, pembe kwa pembe, kama anakunja shati la mteja. "Nakuomba kitu kimoja tu. Utakachokipata, usinifiche."

"Sitakuficha," Inspekta alisema. Baadaye alijutia wepesi wa jibu hilo.

Mkuu wa kituo alipoombwa kibali cha kulifungua jalada alivua miwani.

"Kwa sababu ya mshono?"

"Kwa sababu ya mshono, na kwa sababu ya hii." Inspekta alimwonyesha ripoti ya daktari. Mshipa wa paja ulikuwa umekatwa na kipande cha chuma. Damu ilitoka nyingi, ikaloanisha nguo nzima na kutiririka hadi mfereji wa kando ya barabara. "Shemeji anasema alimkuta ameshakufa, na kwamba alikufa papo hapo. Nimempigia daktari. Ananiambia mtu aliyekufa papo hapo hamwagi damu kiasi hiki. Moyo ulipiga kwa robo saa, pengine zaidi. Na akasema mtu yeyote angeubana ule mshipa kwa kiganja tu, mwalimu angefika hospitali."

"Hapakuwa na mtu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Mkuu alirudisha miwani. "Una siku tatu. Lakini kumbuka, mkoba haushtakiwi."

Siku ya kwanza Inspekta aliupeleka mkoba kwa fundi baiskeli aliyekuwa akiwahudumia watu wa chama. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa magurudumu yaliyoning'inizwa darini, na mwenyewe alikuwa mzee mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya sherehe. Baiskeli ya marehemu ilikuwa pale, imeletwa kutoka kituoni, gurudumu la mbele limejikunja kama nane.

Mzee aliushika mkoba, akautia kwenye kishikizo chake cha chuma pale usukanini, akakunja uso.

"Hiki kishikizo kimepinda kwenda chini," alisema. "Mwalimu asingeendesha hivi. Huyu mtu alikuwa anapima kila kitu kwa mizani ya jikoni. Wenzake walikuwa wanamtania, eti hata soksi anazipima."

"Kwa nini alipima?"

"Mkoba wa mbele una adabu yake, mwanangu. Unaweka vitu vyepesi: mkate, koti, ramani. Kilo mbili, mbili na nusu, basi. Vizito vinakaa nyuma, chini, karibu na ekseli. Ukipakia mbele, kupanda mlima huoni shida, kwa sababu unaenda polepole. Ngoja sasa ushuke." Aliingia nyuma ya pazia, akarudi na baiskeli yake na mfuko uliojaa nati za chuma. Aliupima kwenye mizani, kilo sita, akaufunga usukanini. "Panda."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayetaka kujua."

Uchochoro wa karakana uliteremka kidogo kuelekea barabarani. Inspekta alipanda, akaachia breki. Kwa hatua kama ishirini baiskeli ilitulia. Kisha usukani ukaanza kutetemeka, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu, kama mtu mwenye homa, na kadiri alivyoubana ndivyo ulivyozidi. Alikanyaga chini kwa viatu vyote viwili na kusimama mbele ya genge la nyanya. Mwenye genge alimtazama, akatazama sare yake, akaona heri anyamaze.

Inspekta aliisukuma baiskeli kurudi. "Na kwenye mteremko mrefu?"

"Hapo hakuna cha kufanya," mzee alisema. "Unaswali tu."

"Kwa hiyo alikuwa amebeba kitu kizito mbele, na alijua hakitakiwi kuwa pale."

"Alijua kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha hesabu yake." Mzee aliuinamia mkoba, akanusa ndani. "Tena hapa pana grisi. Mwalimu vitu vyake alivifunga kwenye plastiki. Hii grisi imetoka wapi?"

Inspekta aliigeuza bitana dirishani. Kwenye kitambaa cha njano palikuwa na alama nyeusi zilizofuatana, duara jembamba baada ya duara. Aliweka karatasi, akazichora zilivyo kwa penseli, akaandika vipimo.

Siku ya pili alikwenda kwenye machimbo ya kokoto. Dereva wa lori alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na aliposikia habari ya baiskeli alizima injini, akashuka kabla hajaamriwa. Inspekta alilizunguka lori mara mbili. Bampa lilikuwa na vumbi la miezi, hakuna pahali palipokwaruzwa upya. Kitabu cha getini kilionyesha lori limetoka saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Tiketi ya mizani ya malori, kule chini ya mlima, ilisema saa tatu na dakika hamsini na tano. Kwa lori lenye mzigo, likishuka kwa gia ya pili, ndio mwendo wake. Halikuwa limesimama popote.

"Hukusimama," Inspekta alisema.

"Sikusimama," dereva alisema. "Ndilo linaloniua."

"Hebu tena."

Dereva alikaa kwenye ngazi ya lori. "Kwenye ile kona ya pili, nikaona baiskeli mbili. Moja imesimama, moja imelala. Mtu mmoja amepiga magoti, anavuta kitu kwenye usukani wa ile iliyolala. Mwingine yuko chini majanini, miguu tu ndiyo naiona. Nikadhani amejipumzisha. Hawa watu wa baiskeli wanalala popote, afande, nimewahi kumkuta mmoja amelala juu ya daraja, nusura nimsomee dua."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga honi, kumuuliza kama kuna shida. Akainua mkono." Dereva aliinua wake, akaupunga: pita, pita. Kisha akakunja vidole na kuacha dole gumba juu. "Hivi. Nikapita. Jioni nasikia mtu amekufa pale pale."

"Saa ngapi ulipita hapo?"

"Kutoka getini mpaka kona ile ni dakika kumi na tano. Zikizidi, zinazidi moja."

Inspekta aliandika: saa tatu na dakika thelathini na tano. Kifaa cha kupima mwendo kwenye baiskeli ya Mwalimu kilikuwa kimesimama saa tatu na dakika ishirini na tisa. Simu ya kuita msaada ilipokelewa saa tatu na dakika hamsini. Katika maelezo yake, Shemeji alisema kwamba alikuwa kilomita mbili mbele, akaona mwenzake haji, akageuza na kupanda mlima kwa shida mpaka akamkuta amekwisha kufa, akapiga simu papo hapo. Maelezo yale yaliziba dakika zote ishirini na moja vizuri sana, hakuna hata upenyo. Ila sasa palikuwa na mtu aliyemwona yupo pale dakika ya sita.

"Aliyekupungia alikuwa amevaaje?"

"Fulana nyekundu. Mnene kidogo, kama mimi."

Mwalimu alikuwa mwembamba, na fulana yake siku ile ilikuwa ya bluu.

"Mbona hukuja kusema?"

"Nilikuja. Askari wa mapokezi akaniuliza, wewe ndiye uliyemgonga? Nikasema hapana. Akasema basi nenda kafanye kazi yako." Dereva alifuta uso kwa kofia. "Lori lilikuwa tupu kiti cha pembeni. Ningempakia."

Saa saba mchana Inspekta alikuwa nyumbani kwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka: cherehani mbili, nguo za watu zimening'inia na vikaratasi vya vipimo, sare ndogo mbili za shule zinasubiri vifungo. Mume alikuwa kazini. Inspekta aliomba maji, na fundi alipokwenda jikoni yeye aliingia ukumbini. Baiskeli ya Shemeji ilikuwa imeegemezwa ukutani, na gurudumu lake limefungwa kwenye nondo za dirisha kwa mnyororo mnene wa chuma wenye kufuli. Inspekta alichuchumaa, akatoa ile karatasi, akailaza juu ya mnyororo. Pete ziliingia kwenye duara moja baada ya nyingine.

Aliposimama, fundi alikuwa mlangoni na glasi ya maji.

"Unapima nini?"

"Napima tu."

"Mimi napima watu kutwa nzima, afande. Hakuna anayepima tu."

Fundi aliiweka glasi juu ya stuli, akaichukua karatasi mkononi mwake, akaitazama. Akautazama mnyororo. Alikuwa mtu ambaye kazi yake ni kuona kipande hiki kinaingia wapi.

"Mnyororo huu alikwenda nao safari," alisema. "Nilimwambia auache, mzito. Akasema njiani kuna wezi." Akamrudishia karatasi. "Uliniahidi."

"Nimekuahidi. Nipe mpaka kesho."

"Leo akirudi nitampakulia chakula. Nitamuuliza kazi ilikuwaje. Ndivyo unavyotaka?"

"Hapana. Anafuatwa kazini sasa hivi."

Shemeji aliletwa kituoni akiwa na kitambulisho cha idara ya maji shingoni. Alikuwa mtu mcheshi kwa kawaida, na alijaribu ucheshi mara moja, akiuliza kama kituo hakijalipia bili. Halafu akauona mkoba mezani, na kando yake mnyororo.

"Simulia safari," Inspekta alisema.

Alisimulia, kama ilivyoandikwa, karibu neno kwa neno. Kilomita mbili mbele, kugeuza, kupanda, kumkuta amekwisha.

"Hebu tena."

Alisimulia tena. Safari hii kilomita zilikuwa mbili na nusu.

"Hebu tena. Anzia kwenye mlima, kabla ya kileleni."

"Mlima una nini?"

"Mnyororo huu una uzito gani?"

Shemeji alisogeza kiti mbali na meza.

"Tumeupima, pamoja na kufuli ni kilo tatu na gramu mia mbili. Ulikuwa ndani ya mkoba huu. Alama zake hizi hapa. Kulikuwa na nini kingine?"

Shemeji alitazama mlango. Kisha akaanza kuzungusha kitambulisho chake kwenye kamba, upande mmoja hadi kamba ikajisokota, halafu upande wa pili.

"Spana," alisema. "Na betri ya akiba. Na makopo mawili ya maharage."

"Yote yako."

"Yote yangu. Miguu ilikuwa imekufa, afande. Kilomita sita za kupanda, nikaanza kushuka kwenye baiskeli na kuisukuma. Sikumwomba. Alirudi mwenyewe, akasema, leta, mlima nitaubeba mimi, kileleni utachukua. Akavitia mbele kwa sababu nyuma kulijaa."

"Na kileleni?"

"Kileleni kulikuwa na watu wa mihuri. Meza yao iko pale pale barabarani. Ningechukua vitu kutoka kwenye mkoba wake mbele yao? Wangeniuliza vimefikaje huko. Wangechana kadi." Aliinua macho. "Mara ya tatu, afande. Ofisi nzima inajua."

"Kwa hiyo ukapita."

"Niligongewa muhuri, nikapita. Nikamwambia tutasimama chini. Akaniita."

"Mara ngapi?"

"Mbili." Kamba iligota. "Nilijifanya sikusikia. Nikateremka, na yeye akaja nyuma yangu, nadhani alikuwa anataka kunifikia anipe. Kwenye kona nikasikia kishindo. Sikuwa kilomita mbili mbele. Hatua mia, pengine na hamsini."

"Ukarudi mara moja."

"Mara moja. Naapa."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Anatokwa na damu mguuni. Mnyororo ulikuwa umetoka kwa pale palipofumuka, umejisokota kwenye usukani. Nikawaza, watakaokuja wataona mnyororo wangu, watajua kila kitu, wataniambia mimi ndiye niliyemuua. Nikawaza niutoe kwanza, dakika moja tu, halafu nipige simu. Haukutoka. Ulikuwa umebana kwenye breki. Nikautoa, nikaona spana ziko majanini, nikaziokota. Kopo moja lilikuwa limebingirika kwenye mfereji."

"Ukalifuata."

"Nikalifuata."

Inspekta aliandika.

"Lori likapita."

Shemeji alifumba macho. "Likapita."

"Ukampungia mkono."

"Mnyororo ulikuwa bado uko nje, angeuona."

"Mwalimu alisema chochote?"

Shemeji alijibu kwa sauti ndogo, na Inspekta akamtaka arudie, kwa sababu lazima liandikwe.

"Aliniuliza, shemeji, umeumia? Alidhani tumeanguka wote."

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo akiwa amesimama. Alipomaliza aliyaweka chini na kuyasukuma mbali kidogo na mkono wake.

"Tuna taarifa ya uongo na kuharibu ushahidi," alisema. "Mengine mwendesha mashtaka ataamua, na mimi namjua. Atasema hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuwa na utu. Kwa hili atatozwa faini, au kifungo cha nje cha miezi michache."

"Na akiyakana maungamo mahakamani?"

"Wakili yeyote atamwambia ayakane. Halafu utabaki na nini? Dereva aliyeona fulana nyekundu?"

"Nitabaki na mkoba."

"Nani atauzungumzia mkoba? Aliyeushona, aliyesema ulifumuka kwa ndani, anayeujua mnyororo ni wa nani. Ni mke wake, Inspekta. Sheria haimlazimishi."

"Najua."

"Basi kamuulize."

Asubuhi ya siku ya tatu fundi cherehani alikuja mwenyewe, hakungoja kuitwa. Alikuwa amevaa gauni jeusi la msiba. Inspekta alimwambia yote, kwa mpangilio, kama alivyoahidi: mlima, kilele, kuitwa mara mbili, mnyororo, kopo lililobingirika, mkono uliopungwa. Fundi alisikiliza bila kukatiza. Alipofika kwenye swali la Mwalimu, Inspekta alisita.

"Kuna kingine," fundi alisema.

"Alimuuliza mumeo kama ameumia."

Fundi aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku zote. "Ndiye huyo," alisema. "Tulipokuwa wadogo nikianguka na baiskeli, yeye ndiye aliyechapwa. Alisema ni yeye aliyeniangusha." Akatoa leso, akaishika tu. "Sasa unataka nini kwangu?"

"Lazima nikwambie kwanza: sheria inakuruhusu kukataa. Hakuna mtu atakayekulaumu. Ukikataa, kesi itadhoofika, huenda isifike mahakamani kabisa."

"Na nikikubali?"

"Huenda akatozwa faini. Sitakudanganya."

"Faini." Alilirudia neno hilo kana kwamba ni la lugha ngeni. "Mama mkwe alinipigia jana. Anasema ya Mungu mengi, marehemu hatarudi, nifikirie watoto wasiitwe watoto wa mfungwa. Anasema mke mwema husitiri." Akautazama ukuta. "Yeye nimemsitiri miaka kumi na moja. Akichelewa nasema kazi nyingi. Akisahau nasema amechoka. Hata huko kazini kwao nilikuwa namsifia, kwamba safari hii hashindwi. Mimi nilikuwa namsifia."

Inspekta alivuta karatasi.

"Andika," fundi alisema.

Aliandika. Jina, umri, kazi, makazi. Kisha mstari uliofuata, ambao ilibidi ausome kwa sauti: "Uhusiano na mtuhumiwa?"

"Mke."

Alieleza mkoba mshono kwa mshono, uzi wa aina gani, sindano namba ngapi, turubai alilinunua wapi, mnyororo ulikuwa wa nani na aliuona lini mara ya mwisho kabla ya safari. Hakuongeza wala kupunguza. Alisoma kurasa zote nne, akasahihisha mahali pamoja ambapo Inspekta aliandika ngozi ya mbuzi badala ya ya ng'ombe, akatia saini.

"Yuko wapi?" aliuliza aliposimama.

"Kwenye benchi, ukumbini. Anangoja gari la mahakama."

"Kuna mlango mwingine wa kutokea?"

"Hakuna. Ni huo huo."

Fundi alijipangusa uso, akaweka leso kwenye pochi yake, akatoka. Inspekta alimfuata hatua mbili nyuma. Ukumbini kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea, na mwisho wa ukuta, kati ya askari wawili, Shemeji. Alipomwona mkewe alisimama. Askari mmoja alitaka kumkalisha, Inspekta akamwashiria amwache.

"Mama Pacha," Shemeji alisema. "Mama Pacha, nisikilize. Ilikuwa dakika moja tu. Niliogopa. Wewe unanijua."

Watu kwenye foleni waligeuka. Fundi alisimama mbele yake, karibu kama anayetaka kumrekebishia kola, na kwa mazoea macho yake kweli yalikwenda kwenye kola, ambayo ilikuwa imekunjika upande mmoja. Aliiacha ilivyo.

"Watoto wanatoka shule saa tisa," alimwambia. "Alichofanya mjomba wao kule mlimani nitawaambia mimi. Chako utawaambia mwenyewe."

Akapita katikati ya foleni, watu wakimpisha, akatoka nje.